Mchele Kilo 42 Juu ya Kiti cha Magurudumu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Norihisa Kurachi anasukuma kiti cha magurudumu kwenye mwinuko wa hekalu la Kakuozan, mashariki mwa jiji la Nagoya. Kitini hakuna mtu. Kuna mfuko wa mchele wa kilo 30, juu yake mwingine wa kilo 10, na juu kabisa kifurushi cha kilo mbili kilichokaa kama kichwa. Vyote vimefungwa mkanda wa usalama.

Kila baada ya mita hamsini anasimama, anatazama saa, anaandika kwa penseli iliyofungwa uzi shingoni. Baridi ni nyuzi nne. Hata hivyo shati lake limeloa mgongoni.

Mwanamke anayefagia mbele ya duka la keki za mchele anamwona akipita kwa mara ya pili.

"Kaka, huo mchele unaupeleka hekaluni kusali?"

"Ndiyo. Una miaka tisini na moja," anajibu Kurachi.

"Mbona hukuufunika? Utapata mafua."

Mchele huo unashika nafasi ya Hisano Asai, ambaye kwa vipimo vya mwezi huu ana uzito wa kilo 42. Zimebaki siku tatu kabla ya tarehe 21 Machi, siku ambayo Bibi Asai na wenzake wanne watatoka kwenda kutembelea mahekalu mawili na kununua vitu mjini. Kurachi ndiye aliyepanga safari hiyo, na hapangi kitu ambacho hajakisukuma kwa mikono yake.

Kurachi ana miaka 47. Ni dereva na mlezi katika kituo cha kulelea wazee mchana, wilaya ya Chikusa. Mshahara wake unaofika mkononi ni yeni 214,000 kwa mwezi. Kabla ya hapo alikuwa mpanga njia katika kampuni ya malori, akilipwa theluthi moja zaidi, mpaka kampuni ilipofungwa miaka sita iliyopita.

"Kazi ni ileile," anasema. "Unajua unatoka wapi, unafika wapi, saa ngapi. Tofauti ni kwamba mzigo huu unakusema."

Ulimsema kwelikweli katika safari yake ya kwanza kuipanga. Alipanga vituo sita kwa siku moja, na vyote akavifikia kwa wakati. Jioni alimuuliza bibi mmoja kama amefurahi. Bibi akamjibu: "Nimefika kila mahali. Sijaona chochote."

Safari hiyohiyo ndiyo iliyomfundisha kubeba mchele. Alikuwa ameipima njia kwa kiti kitupu, na kiti kitupu hupita popote. Siku yenyewe, bibi akiwa kitini, magurudumu ya mbele yalizama kwenye kokoto za ua wa hekalu, na ikabidi wapita njia watatu waombwe msaada. Tangu hapo, kila mzee anayekwenda naye kwa kiti hupimwa njia kwa uzito wake mwenyewe. Mchele anauazima jikoni mwa kituo na kuurudisha siku hiyohiyo, kwa sababu saa nne unapikwa.

Safari hii imeahirishwa mara mbili. Januari ilizuiwa na barafu barabarani, Februari na homa ya mafua iliyowapata wazee saba. Haiwezi kuahirishwa mara ya tatu, angalau si kwa Bibi Asai. Mwisho wa Machi anahamia Sendai kuishi na mwanawe, na nyumba yake ya Nagoya imeshapata mnunuzi.

Anachotaka ni kitu kimoja. Kwa miaka 31 aliuza viatu katika mtaa wa maduka wa Osu, akipiga magoti mbele ya wateja na kuwapima miguu. Tangu avunjike nyonga miaka mitatu iliyopita, viatu vyake huagizwa na mkwewe, mke wa mwanawe, kwa simu.

"Ananiletea namba ishirini na nne," anasema Bibi Asai kwa namba za Japani, ambazo ni sentimita za mguu, akinyoosha mguu ili mwandishi wa makala haya ajionee mwenyewe. "Mimi ni ishirini na mbili na nusu. Mkwe wangu ana roho nzuri sana. Macho ndiyo hana."

Anataka kuchagua jozi moja kwa mkono wake kabla ya kuondoka. Asipoipata tarehe 21, atakwenda Sendai na hivi vinavyomvuka.

Jioni ya siku ile ya mchele, Kurachi anagawa vijitabu vya safari kituoni. Ni kurasa nane zilizobanwa pini, zenye ramani, ratiba, orodha ya vitu vya kubeba na kanuni, kama vile ambavyo kila mtoto wa shule nchini hupewa kabla ya matembezi ya darasa. Kanuni ya nne inasema vitafunio vya njiani visizidi yeni 300 kwa mtu.

Mkono unanyanyuka. Ni wa Eikichi Tsuzuki, miaka 88, aliyeendesha tramu za jiji mpaka zilipoondolewa. Wenzake humwita Dereva.

"Mwalimu, ndizi inahesabiwa kuwa kitafunio?"

Chumba kizima kinacheka. Hilo ndilo swali ambalo katika kila darasa la Japani lazima mtu mmoja aulize, na kwa hesabu ya Tsuzuki yeye alikuwa akilisubiri kwa miaka sabini na sita.

"Ndizi ni chakula," anasema Kurachi, uso mkavu. "Ukiichovya chokoleti, ni kitafunio."

"Andika hilo kwenye kanuni," anasema Bibi Asai. "Huyu atabeba kilo nzima."

"Wewe shughulika na viatu vyako," anasema Tsuzuki. "Viatu vya nini hata hivyo? Unatembelea magurudumu."

"Ndiyo maana havitachakaa. Vitadumu kuliko wewe, Dereva."

Katika ratiba hiyo, kila kitu kina dakika zake. Kupanda Kakuozan: dakika 14. Kuteremka: 17, kwa sababu kiti huteremshwa kinyumenyume. Kutoka Kakuozan mpaka Osu kwa gari: 25. Choo chenye mlango mpana kimewekewa alama nyekundu katika sehemu tano. Lakini kati ya saa saba na nusu na saa nane na nusu mchana, mahali palipoandikwa "Dukani", hakuna dakika wala maelezo. Ni ukurasa mweupe.

"Mwaka wa kwanza ningeandika: viatu, dakika kumi," anasema Kurachi. "Sasa najua kwamba hapo ndipo safari yenyewe ilipo. Kwingine kote ni barabara tu."

Asubuhi ya tarehe 21 inaanza na jua. Saa mbili na dakika 25, gari la kituo linasimama mbele ya nyumba ya Bibi Asai, Tsuzuki na wengine watatu wakiwa tayari ndani. Bibi Asai anasubiri mlangoni, kijitabu mkononi, kofia kichwani, mkoba mapajani. Muuguzi wa kituo, Bi Tomoe Moriwaki, anamwekea kipimajoto kwapani kama alivyowawekea wengine.

Kipimajoto kinalia. Nyuzi 37.8.

Kanuni ya kituo iko wazi: mwenye nyuzi 37.5 au zaidi hatoki. Bi Moriwaki anapima kwapa la pili. 37.6.

"Bibi Asai," anasema taratibu, "leo itabidi ubaki."

"Mimi siumwi."

"Najua hujisikii kuumwa."

"Tomoe, mwanangu, mimi siumwi."

Ndani ya gari, Tsuzuki ameshusha kioo na kutoa kichwa nje.

Kurachi anachuchumaa mbele ya kiti. Habishani na kipimajoto. Anauliza maswali, moja baada ya jingine, kama anayetafuta lori lilipochelewea.

"Bibi, umeamka saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Umevaa saa ngapi?"

"Saa kumi. Nisije nikawachelewesha."

"Umevaa nguo ngapi?"

Bibi Asai anahesabu kwa vidole. Zinafika saba, pamoja na koti.

"Na vibandiko vya joto?"

Bibi Asai anaiweka sawa kofia yake.

"Bibi. Vingapi?"

"Vinne tu," anasema Bibi Asai. "Ulisema kule juu kuna upepo. Umeandika mwenyewe, ukurasa wa tatu."

Bi Moriwaki anamwingiza ndani na kufunga mlango. Anatoka na vibandiko vinne mkononi, vile vya kubandika juu ya fulana ambavyo kila nyumba ya Nagoya huwa navyo majira ya baridi. Viwili vilikuwa mgongoni. Viwili vilikuwa ubavuni, kimoja kila upande, vidole vinne chini ya kwapa. Vilikuwa vikitoa joto tangu saa kumi alfajiri.

"Sikupi ruhusa bado," anamwambia Kurachi. "Dakika kumi na tano. Abaki na nguo tatu, anywe chai ya shayiri ya baridi, kisha napima tena. Ikibaki juu, anabaki."

Bibi Asai anakunywa chai kwa utiifu wa mtoto wa darasa la kwanza. Kutoka garini sauti ya Tsuzuki inafika.

"Miaka tisini na moja, na bado halali usiku wa kuamkia safari."

"Wewe umelala?" Bibi Asai anauliza.

"Nimelala kama gogo. Kuanzia saa nane usiku."

Kipimajoto kinalia tena. Bi Moriwaki anakisoma, anakigeuzia mwanga, anakisoma upya. Kisha anamwonyesha Kurachi. 36.6. Kwapa la pili, 36.6.

Gari linaondoka likiwa limechelewa dakika 24. Katika ratiba ya Kurachi, ukurasa wa pili, kuna mstari unaosema: "Mambo yasiyojulikana: dakika 30."

Kakuozan siku ya tarehe 21, siku ya gulio la kila mwezi la hekalu, haina nafasi ya kutema mate. Meza za wauzaji zimepangwa pande zote mbili za njia: achari ya figili, soksi, samaki wakavu, visu, miche ya maua. Kiti kinapanda kwa dakika 19, si 14, kwa sababu Bibi Asai anasimamisha msafara kila meza ya tatu. Mwanamke wa duka la keki anamtambua Kurachi.

"Mchele umekuwa mtu!" anapaza sauti, na Bibi Asai anapewa keki ya maharage matamu ambayo haimo katika zile yeni 300.

Mbele ya jengo kuu la hekalu moshi wa ubani unapanda kutoka kwenye chetezo kikubwa cha shaba. Anayeumwa huuvuta moshi kwa viganja mpaka mahali panapomuuma. Bibi Asai anauvuta nyongani, mara tatu. Tsuzuki anauvuta kichwani.

"Umechelewa, Dereva."

"Navutia nywele, si akili."

Mchana wanakula tambi bapa za mchuzi wa moto. Katika hekalu dogo nyuma ya Osu, Kurachi anainua magurudumu ya mbele na kuvuta kiti kinyumenyume juu ya kokoto, mita kumi na moja, bila kukwama. Saa saba na nusu kamili wanaingia kwenye ukurasa mweupe.

Duka alilofanyia kazi Bibi Asai sasa linauza makasha ya simu. Anapita mbele yake bila kugeuza shingo. "Lilikuwa linavuja," anasema. Duka la viatu la sasa liko mbele kidogo, upande wa kushoto.

Muuzaji, msichana wa miaka ishirini na kitu, anapiga magoti na kuleta viatu vya wazee, vyepesi, vya kufunga kwa mkanda wa kunata.

"Hivyo ninavyo," anasema Bibi Asai. "Niletee vya ngozi. Vya kamba. Kisha bonyeza hapo mbele ya kidole gumba. Si hivyo, mwanangu. Kwa kidole chako gumba. Unasikia nafasi?"

"Nasikia."

"Kiasi gani?"

"Kama sentimita moja."

"Sasa unajua kazi."

Anajaribu jozi tisa. Anavikunja, anavinusa, anagonga kisigino sakafuni. Kurachi anasimama kando, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza siku nzima hatazami saa. Mwandishi ndiye aliyeitazama: dakika 43. Jozi ya tisa ni ya rangi ya samawati iliyoiva, namba 22 na nusu, gramu 240 kila kimoja kwa maandishi ya boksi. Anavivaa palepale. Vile vya namba 24 anavitia kwenye mfuko.

"Hivi nitampa mkwe wangu. Vinamtosha yeye."

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili jioni gari lilirudi kituoni, dakika mbili kabla ya wakati. Kabla ya kushuka, Bibi Asai aliomba karatasi yenye vipimo vyake, ya kwenda nayo Sendai. Kurachi alimwandikia upya kwa wino: uzito, mwinuko ateremshwe kinyumenyume, kokoto ainuliwe mbele, vibandiko vya joto vihesabiwe kabla ya kupima homa. Mstari wa mwisho aliandika: "Dukani asihesabiwe dakika."

Mkuu wa kituo amekubali safari iwe kila mwezi. Ya Aprili itakuwa ya Tsuzuki, anayetaka kuona tramu aliyowahi kuiendesha, iliyohifadhiwa nje kidogo ya jiji. Nyonga imeanza kumsumbua, naye atakwenda kwa kiti. Ana kilo 71. Kurachi ameshazungumza na mpishi kuhusu mfuko wa pili wa kilo 30.

Wiki ya pili ya Aprili simu ililia kituoni. Alikuwa mlezi wa kituo kimoja cha Sendai, msichana kwa sauti yake.

"Samahani kwa kukusumbua," alisema. "Tuna bibi mgeni hapa. Tunataka kumpeleka hekaluni maua yakichanua, naye anasema haendi mpaka kwanza tupitishe njiani mchele wa kilo arobaini na mbili. Ni kweli?"

Kurachi alishika penseli yake.

"Weka arobaini na mbili na nusu," alisema. "Ana viatu vipya."