Breki za Nyuma za Consolata

Kufikia saa nne asubuhi dramu ya breki ya gurudumu la kushoto ilikuwa bado imeng'ang'ania, na Consolata alikuwa ameigonga nyundo mpaka kiganja kinamwuma. Pikapu yao ilikuwa uani, pale Rondo, nyuma imeinuliwa juu ya magogo. Jumatatu alitakiwa kumpeleka mumewe kliniki Lindi, na mteremko wa kwenda huko hushuki na breki zinazosaga chuma kwa chuma.

Erasmo, mumewe, aliendesha malori miaka ishirini na saba, hadi kiharusi kilipomlemaza upande wa kulia na kuufanya ulimi wake mzito. Sasa alikaa kibarazani akimtazama.

"Hen... hen..."

"Subiri kidogo, Baba Deo."

"Henbreki!"

Ni kweli, breki ya mkono Consolata alikuwa ameivuta mwenyewe gari lisije likaondoka. Akailegeza, akagonga mara mbili, dramu ikatoka. Kwa furaha akahamia upande wa kulia, akafungua nako, akaanza kubandua breki shuu zote nne, vile vyuma vya mviringo vya ndani ya dramu, na springi zake. Erasmo akaanza kuguna tena, "Mo... mo...", akipiga kiti kwa mkono wake mzima.

"Hebu niache!" Consolata alifoka. "Nimechoka kusimamiwa na mtu asiyeshika hata spana!"

Erasmo akageuzia uso ukutani.

Saa saba Consolata hakujua tena springi ipi inakaa wapi. Moja ilichomoka kwenye plaizi ikampasua mdomo. Akaitupa plaizi migombani, akalia kwa hasira, na hapo ndipo alipoelewa.

"Mmoja mmoja," alisema. "Ulitaka nifungue upande mmoja, mwingine ubaki wa kuigia. Nisamehe, mume wangu."

Erasmo aliitikia kwa kichwa bila kumtazama. Consolata akamsogeza na kiti chake mpaka kwenye gurudumu. Kwa kidole cha mkono wa kushoto Erasmo akamwonyesha: breki shuu mpya yenye ngozi fupi ya kusugua dramu mbele, yenye ndefu nyuma, springi hii huku.

Saa kumi na moja akalijaribu gari barabarani. Breki zilishika, ila lilivuta kushoto.

"Bado," alisema Erasmo.

Consolata akajibwaga mchangani. "Kesho, baada ya misa. Leo sina mikono."

Jumapili wakarekebisha, mara tatu. Jumatatu wakashuka Lindi na breki zikashika sawasawa. Maneno yale ya spana yalikuwa bado yanamwuma Erasmo; hakumsemesha njia nzima, naye Consolata hakumlaumu.