Taa za Shemeji

Mume wa dada yangu alikuwa wakala wa forodha pale Malaba. Kazi yenyewe ilikuwa kujaza fomu za madereva wa trela na kuzipeleka dirishani zigongwe muhuri, lakini ukimsikia akiisimulia ungedhani mpaka wa Kenya na Uganda unafunguliwa kwa kalamu yake. Alivaa tai hata jua likiwa la kupasua mawe. Vijana wa boda boda waliokuwa wakivusha abiria kwa baiskeli aliwaita "hao watu wa pedeli." Yeye mwenyewe, tangu amwoe dada yangu, sikuwahi kumwona ameinua kitu kizito kuliko faili.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho alinunua gari, salun nyeupe ya Kijapani iliyokwisha kutumika. Magari mengi tuliyoyazoea yalikuwa na taa za mbele za kioo. Hili lilikuwa na za plastiki, na jua lilikuwa limeshazila huko zilikotoka. Zilikuwa njano, zenye ukungu, kama macho ya mlevi saa nne asubuhi.

Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi Matayos, na likizo nilikaa kwao Busia kumsaidia dada. Ndiyo maana niliyaona yote haya kwa macho yangu.

Likizo ya Agosti ikaja habari kwamba askofu atazuru kanisa moja kule Marachi, na shemeji akajitolea kumbeba. Hakuna aliyemwomba. Alisimama tu mwishoni mwa ibada akasema gari lipo. Alipofika nyumbani akaliangalia gari lenyewe, akaona aibu ya zile taa.

Dereva mmoja wa trela alikuwa amemwambia dawa ya meno inasafisha. Basi akachukua dawa ya meno ya nyumba nzima, na mswaki wa dada, si wake, akaenda kusugua uani. Taa ziling'aa mpaka maji yalipokauka. Kesho yake akaja na thinner, ile ya kuyeyushia rangi, ndani ya chupa ya soda, akamwaga kwenye kitambaa akapangusa kwa nguvu. Plastiki ikalainika, ikashika nyuzi za kitambaa, na kona ya taa ya kulia ikaota mipasuko midogo kama ya sahani kuukuu.

"Hii thinner ya Uganda ni maji tu," akasema.

Dada alikuwa anaanika nguo. Alikuwa ameshajifunza kutosema.

Mimi nilikwenda kwa fundi wa kupaka magari rangi aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko. Nilimweleza, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanifundisha bila maringo yoyote. Unafunika bodi kuzunguka taa kwa karatasi ya gundi ili usiikwaruze rangi. Unasugua kwa msasa wa maji, ule mkali kwanza, halafu laini, halafu laini zaidi, taa ikiwa na maji ya sabuni wakati wote. Halafu polishi kwa kitambaa cha pamba.

"Na mwisho, dada, lazima upake varnishi ya gari," akasema. "Usipopaka, jua litaila tena, na safari hii haraka zaidi." Akanimiminia kidogo kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi.

Asubuhi iliyofuata shemeji alikwenda kazini kwa matatu, gari akaliacha nyumbani lisichafuke, nami nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikaanza. Msasa wa kwanza ulizifanya taa kuwa nyeupe kama zimepakwa unga, nikaogopa. Maji yaliyochuruzika yalikuwa ya manjano, mazito. Kila msasa uliofuata ulifuta mikwaruzo ya uliotangulia. Polishi ilipoingia, nikaiona balbu ndani, wazi, na uzi wake mwembamba. Ni ile mipasuko ya thinner tu iliyogoma kutoka. Dada alitoka jikoni akainama, akaiona sura yake kwenye taa, akacheka kama msichana.

Siku hiyo shemeji alirudi mapema, kabla sijapaka varnishi. Alizunguka gari mara mbili.

"Mwalimu, nani amekuruhusu kugusa gari?"

"Bado sijamaliza, shemeji. Fundi amesema lazima nipake..."

"Fundi gani? Wale wa jua kali, wa vibandani? Wewe unajua nini ya gari? Gari si sufuria. Wacha hivyo hivyo."

Nilikuwa na kichupa mkononi. Ningeweza kungoja kesho aende kazini nipake, kazi ya dakika chache. Nilimtazama na tai yake, nikasema moyoni: haya basi, hivyo hivyo. Varnishi nikaenda nayo Matayos shule zilipofunguliwa, nikaipaka meza yangu.

Kule Marachi, tulikokwenda sote, askofu aliposhuka alizisifu taa. "Zinang'aa kama mpya."

"Ni mikono tu hii, baba askofu," shemeji akasema, akainyoosha ile mikono yake laini watu waione. Dada alitazama viatu vyake. Mimi nilitabasamu, kwa kuwa nilijua jambo ambalo shemeji hakulijua.

Kabla mwaka haujageuka, taa zilikuwa njano kuliko mwanzo. Jioni moja ya manyunyu alikuwa anatoka Malaba na dada, giza likianza kuingia. Trela lilikuwa limeharibika barabarani, na dereva wake alikuwa ameweka matawi ya miti nyuma yake kuonya watu, kama ilivyo desturi. Shemeji hakuyaona matawi. Alipoliona trela, aliukata usukani kulia, upande wake mwenyewe. Upande uliogonga ulikuwa wa dada.

Nilimkuta hospitalini, mfupa wa bega umevunjika, mkono umefungwa kifuani. Shemeji alikuwa mlangoni akimweleza muuguzi, ambaye hakuwa amemuuliza, jinsi madereva wa Uganda walivyo wajinga. Hakuwa na hata mkwaruzo.

"Nilimwambia tulale Malaba," dada akaninong'oneza. "Akaniuliza, kwani wewe ndiye unayeendesha?"

Nikamwambia habari ya varnishi. Nilimweleza yote, hata meza. Nilitazamia atamlaani mumewe pamoja nami.

"Ungenipa mimi," dada akasema. "Ningeipaka mimi mwenyewe."

Katika dharau yangu yote kwa mtu yule, sikuwa nimekumbuka hata mara moja nani huketi kando yake.

Gari lilitengenezwa, likawekewa taa moja mpya upande wa dada. Nyingine ilibaki njano na mipasuko yake, na shemeji akaliendesha hivyo, chongo, mpaka akalivusha ng'ambo ya mpaka na kuliuza. Alimwambia mnunuzi kwamba liliwahi kumbeba askofu. Dada tangu siku ya ajali alikaa kiti cha nyuma, na alipoulizwa na watu kwa nini, alisema anapenda nafasi.