Jina la Mwisho Katika Daftari la Védaste

Zamani kengele ya shule yetu ya mawe ilinyamazisha mtaa mzima. Leo shule hiyo ni maktaba, na vijana huingia humo wakitafuta umeme wa simu kabla ya kitabu.

Mimi sikusomea ndani. Nilisomea nje ya dirisha, kwa sababu baba yangu hakuwa na ada. Dirisha hilo sasa linanifika magotini, maana sakafu imepanda. Lava ya mwaka 2002 ililijaza darasa la tano hadi nusu ya kuta, ikaganda; waliojenga maktaba wakamwaga sementi juu yake, wakapanga rafu.

Mtunzaji wa maktaba, Védaste, ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa hilo. Alikuwa mtu wa sheria. Mtoto akiitwa jina, asimame ndipo aitike. Darasa lisitoke kabla ya majina yote kuitwa. Hata binti yake mwenyewe, Daniella, alimkataza kumwita papa, yaani baba, darasani. Sheria aliivunja mara moja tu, siku ya lava: aliwatoa watoto mbio bila kuwaita. Barabarani walikuwepo wote, isipokuwa Daniella.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kupokea wasomaji, aliliita darasa lile kutoka katika daftari lililoungua pembe. Kwenye jina la Daniella hakuwahi kuandika kwamba hayupo. Aliliita la mwisho, akangoja.

"Papa Védaste, uniandike na miye!" Nasiba, mwanafunzi wa sekondari, alimtania kutoka mlangoni, waya wa simu mkononi. "Batiri inakufa!"

"Weye hauko mu daftari hii, mama. Nyamaza."

Jumatano moja nilikuwepo. Akaita, "Daniella." Akangoja. Chini ya sementi benchi likakwaruza, kama mtoto anaposimama.

Nasiba akadondosha waya, akanigeukia. "Muzee, kuko mutu kule chini?"

"Niko, papa," ikaitika sauti, chini ya miguu yetu.

Védaste hakumkemea. Aliweka alama, akafunga daftari, akanikabidhi ufunguo wa maktaba. Kisha akasimama kando ya mlango, kama walimu wetu walivyokuwa wakipisha darasa litoke. Siku hizi hakuna anayejua kusimama hivyo.

Niliwaona mara ya mwisho wakishika barabara ya Rutshuru: Védaste ameinama kidogo upande wa kushoto, akifupisha hatua zake, kama aliyeshika mkono wa mtoto.