Saa Sabini na Mbili za Khisa

Khisa hajui kukaa. Tangu nikodi kibanda hiki cha ushonaji hapa mtaa wa Langas, ukuta kwa ukuta na karakana yake ya mbao, sijamwona akimaliza kikombe cha chai akiwa kwenye kiti. Anakunywa akitembea, anaongea akipiga msasa. Shavu lake la kushoto hujaa muguka tangu asubuhi, yale majani mabichi anayotafuna na njugu, na nikimwambia ateme ananijibu, "Mama Shiko, nikitema mkono unalala." Jina langu ni Wamucii, lakini mtaani jina la binti yangu Shiko limeshalimeza.

Wanaume wa hapa watakwambia muguka ni jani tu, si dawa ya kulevya. Sawa. Lakini jani hilo likishashika, hali wanayoiita handas, mtu halali hata umwimbie. Kwa hivyo baada ya kutafuna mchana kutwa inabidi akanywe pombe ili aue handas. Ona akili hiyo! Kitu kimoja cha kumwamsha, kingine cha kumlaza, na katikati ya hivyo viwili mwili unataka huku kichwa hakipo. Nimeona wanaume wenye heshima zao wakipotelea hapo katikati.

Mwezi wa tano Khisa alipata kazi ya vitanda vya deka, vile vya ghorofa, vya shule moja ya bweni kule Timboroa. Alitafuna siku tatu bila kupumzika. Jumatano jioni lori lilipobeba vitanda, akaenda baa kuua handas. Huko alikutana na mwanamke anayeitwa Akello, mtu mzima mwenye shughuli zake, naye alikuwa anatafuna vilevile. Huyo simlaumu. Kufikia saa mbili usiku walikuwa kitandani, na kondomu ya Khisa ilibaki mfukoni mwa ovaroli, haijafunguliwa. Aliipata asubuhi akitafuta penseli.

Na Khisa alikuwa anaoa. Mchumba wake, Nekesa, ni karani wa duka la dawa za mifugo, anaishi kwa shangazi yake mtaa wa West Indies, na ni mtu wa mipango. Kanisani kwao pasta hasomi majina ya wachumba mpaka wote wawili wamletee karatasi za kupimwa virusi vya Ukimwi. Nekesa naye alikuwa na sheria yake tangu mwanzo: mpira mpaka karatasi. Walikuwa wamepanga kwenda kupimwa Ijumaa, majina yasomwe Jumapili.

Alhamisi nzima Khisa alipima ubao mmoja mara nne, kisha akaukata mfupi. Alitoka, akarudi, akatoka tena. Alikuja kwenye cherehani yangu akagusagusa nyuzi mpaka nikamchapa mkono na rula. Ijumaa alasiri ndipo alipoingia mbio.

"Mama Shiko, niko safi! Negative!"

Hapo akanimwagia yote, Akello na kondomu na kila kitu, akicheka kama mtu aliyeponea ajali. Mimi nilishikwa na hasira.

"Ulilala na huyo mtu Jumatano. Leo ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Basi hicho kipimo kimemwona Khisa wa zamani. Khisa wa juzi hakijamwona."

Haya nayajua kwa sababu nilimzika dada yangu Wacera, na mume wake naye alikuwa na karatasi nzuri. Nikamwambia kuna tembe za kuzuia, wanazitoa hospitalini, lakini lazima mtu aanze kabla ya saa sabini na mbili kwisha. Ikifika kesho saa mbili usiku, amechelewa.

"Ni mwezi mzima wa kumeza, Mama Shiko. Nekesa ataona. Na Jumapili tunasomwa."

"Kwa hivyo umwambukize ndio msomwe?"

"Pengine Akello yuko sawa."

"Pengine," nikasema.

Akatia majani mengine mdomoni, akatoka. Nilimsikia akizunguka karakana mpaka giza likaingia. Nilimtukana kupitia ukutani, nakiri.

Jumamosi saa nane mchana Nekesa akaja na zile karatasi mbili, akatukuta mlangoni mwa karakana. Alikuwa amepitia saiba, duka la kompyuta, akazipiga lamineti ya plastiki.

"Ona, Mama Shiko. Hata mvua inyeshe, zitafika kwa pasta zikiwa sawa." Halafu akamgeukia Khisa, sauti chini. "Leo napika kwako. Sheria imeisha."

Alikuwa na furaha, masikini. Mimi nilimkazia Khisa macho. Kama angenyamaza, ningesema mimi.

Khisa akatema muguka, wote.

"Yangu usipeleke, Nekesa. Nililala na mtu Jumatano. Bila mpira."

Nekesa hakulia. Aliniangalia mimi kwanza, akaona kwamba nilijua, na hilo lilimchoma pia. Niliona aibu sana.

"Jumatano saa ngapi?" akauliza.

"Nekesa, nisamehe, zilikuwa handas tu..."

"Nimekuuliza saa ngapi!"

"Saa mbili. Usiku."

Akatoa simu akaangalia saa. "Jana si yule sista aliyetupima alituambia mambo ya tembe? Ulikuwa umekaa kando yangu, Khisa. Ukatingisha kichwa. Toa hiyo ovaroli twende."

Barabarani mwendesha boda boda alipowauliza kama atawabeba pamoja, Nekesa akasema, "Boda mbili."

Kabla ya saa kumi na moja Khisa alikuwa amemeza tembe ya kwanza. Nekesa alisubiri nje, akahakikisha, akaenda kwao. Jumapili majina hayakusomwa. Alimwambia pasta wangoje, bila kumpa sababu, na kwa Khisa hakurudi.

Lakini kila jioni saa moja ujumbe wa Nekesa uliingia: Umemeza? Khisa anajibu: Nimemeza. Basi, hakuna neno lingine. Tembe zilimtia kichefuchefu, ila hakukosa hata siku moja. Muguka amepunguza, sitasema ameacha. Bado kuna vipimo vingine vya kurudia, naye anaviogopa. Hata hivyo saa moja ikikaribia alikuwa anaweka randa chini, ananawa mikono, anasimama mlangoni kwangu na simu, kisha ananisomea lile neno moja. Nilimwonea huruma bila kutaka.

Tembe zilikuwa za siku ishirini na nane. Ya mwisho aliimeza juzi, Ijumaa.

Jana, Jumamosi, alinawa mikono saa kumi na mbili na nusu. Saa moja ikafika, ikapita bila ujumbe. Alitembea kutoka mlango wake hadi wangu, akarudi, akatembea tena, akiwasha simu na kuizima. Nilichoka kumtazama.

"Khisa, si umpigie!"

"Nimwambie nini, Mama Shiko? Tembe zimeisha."