Kalibu Iliyoloa

Mafuriko yalipopungua, tulitumwa mimi na fundi wangu, mama mmoja Mpokomo wa kijiji cha Wema, tukaunge upya nyaya za kupeleka radi ardhini kwenye zahanati karibu na Minjila. Radi ilikuwa imeunguza friji ya chanjo, na sasa muuguzi aliletewa barafu kutoka Garsen kila asubuhi.

Kazi yenyewe haihitaji umeme. Unabana waya na nondo ya shaba ndani ya kalibu, chombo cha kuipa shaba umbo, unamimina unga maalumu, unawasha. Unga unawaka kwa moto mkali, shaba inayeyuka, inashuka, na waya na nondo vinakuwa kitu kimoja. Adui wake ni maji. Hata unyevu kidogo ndani ya kalibu hugeuka mvuke na kuirusha shaba nje.

Tulimaliza viungo vitatu. Fundi alipokwenda kuzungumza na muuguzi, kalibu iliniponyoka ikaangukia dimbwi ndani ya mtaro tuliouchimbia nyaya. Niliiokota haraka, nikaipitishia moto wa gesi, lakini gesi ilikuwa inaisha na wingu zito lilikuwa limetanda upande wa Idsowe. Fundi aliporudi aliuliza kama kalibu ni kavu. Nikamjibu ndiyo.

Niliwasha, nikarudi nyuma; fundi alibaki kando ya mtaro. Kishindo kilisikika, shaba nyekundu ikaruka juu ya mtaro. Fundi alikamata mkono wake wa kushoto, akaketi juu ya udongo.

Muuguzi alipokuwa akimwagia maji jeraha la moto, pana kama sarafu, nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimeshaandaa uongo kwamba unga ule ulikuwa mbovu. Nikashindwa kuutoa.

"Kalibu iliangukia maji," nikasema. "Nilikuficha."

"Ungeniambia, tungengoja," akasema fundi. "Hasara ingekuwa kunyeshewa tu."

Mvua ilinyesha mchana kutwa. Kalibu ile ilikuwa imepasuka, kwa hiyo kesho yake fundi alikuja na nyingine, mkono umefungwa bendeji. Akaniamuru niikaushe kwa jiko la makaa, kisha nikate kiungo kibovu na kuanza upya. Nilidhani atawasha yeye. Akanipa kiwashio, akaenda kusimama palepale aliposimama jana.

Nilimwomba asogee. Hakusogea.

Nikafungua tena kalibu, nikaikagua, nikairudisha motoni. Nilipoikagua mara ya tatu ndipo nilipowasha.