Mtu Mmoja, Saa Moja na Dakika Kumi

Kila asubuhi, saa moja na dakika kumi, kuna mtu alikuwa anapakua programu ya marehemu kaka yangu.

Mtu mmoja. Kila siku. Hata siku tuliyomzika, kumbukumbu zinaonyesha alipakua.

Msinicheke jamani, nywele zilinisimama.

Kazi yangu ni kufagia ghala la programu mtandaoni, lile ambalo watu wanaweka kazi zao na wengine wanachukua bure. Zilizochakaa nazifuta, zenye hitilafu narekebisha. Kaka aliweka yake humo, ya kupanga picha kwa tarehe. Miaka mitatu tangu afariki, haikuwa na mtunzaji.

Bosi akaniita.

"Ile ya kaka yako ina tundu, wezi watapitia humo. Ifute leo."

"Kuna mtu anaitumia, bosi."

"Nani?"

"Sijui."

"Basi mtafute umwambie ahame. Mwisho saa kumi."

Nikafuatilia anwani ya mtandao ya huyo mtu. Mungu wangu! Ni ya nyumbani kwa mama.

Nikatoka mbio. Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo.

"Mama, nani anapakua vitu hapa kila asubuhi?"

"Nipakue nini mimi? Labda ile kompyuta yako kuukuu, inawaka tu kule chumbani. Si uliniambia nisiizime?"

Nikakumbuka.

Kaka alipolazwa, kila asubuhi akishameza dawa alikuwa anachungulia kwenye simu waliopakua programu yake. Sifuri. Kesho sifuri. Roho ikaniuma, nikaitega kompyuta yangu iwe inaipakua yenyewe saa ileile.

Siku ya kwanza alinipigia huku anacheka: "Dogo, nimepata mteja!"

Nikajifanya nashangaa. Alipofariki, nikasahau kabisa kuitegua.

Yaani mzimu wenyewe ni mimi.

Ingeishia hapo ningecheka. Lakini kabla ya kuifuta, nikaifungua. Imepakuliwa zaidi ya mara elfu moja, na sikuwahi kuifungua hata siku moja.

Toleo la mwisho alilitoa akiwa kitandani, wiki tatu kabla hajafa. Ukurasa wa kwanza aliandika:

"Dogo, najua ni wewe, anwani ni ya nyumbani. Asante. Ukisoma hapa usinipigie, njoo tucheke wote."

Nililia kama mtoto.

Maana wiki zile tatu nilikwenda hospitali kila jioni. Na kila jioni alinitazama huku anatabasamu, akauliza, "Dogo, huna la kuniambia?"

Nikawa najibu, "Sina, kaka. Pumzika."

Saa kumi kasoro niliifuta. Bosi akasema kazi nzuri.

Ndugu zangu, mtu wako akitengeneza kitu, usimpe hesabu ya kumfurahisha. Kifungue, ukitazame, umwambie umekiona. Mimi niliulizwa wiki tatu nzima, nikasema sina.