Pembe Ndogo za Papa Zagabe

"Maman Constance, wewe mutu wa rozari, unafuata nini kwa yule muzee wa nyota?"

Maman Noëlla, jirani yangu, aliniuliza hivyo kwenye robine, bomba la maji la mtaa wetu wa Cimpunda, mbele ya wanawake wote, bidoni yake haijajaa hata nusu. Mwingine akadakia kutoka nyuma: "Labda muzee amemtafutia bwana wa pili huko kwenye nyota!" Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Nikajibu kwamba nafuata sahani zangu. Ilikuwa kweli, maana kila jumapili nilimpelekea Papa Zagabe bugali na sombe ya majani ya muhogo, na kurudisha sahani hakukumbuka hata siku moja.

Padri nilikuwa nimeshamuuliza. Aliniambia nisitegemee nyota, lakini nisimwache muzee peke yake. Neno hilo lilinitosha.

Papa Zagabe alikuwa mchoraji wa plani za viwanja katika biro ya serikali. Nusu ya vibao vya mipaka vya mtaa wetu vilitoka kwenye penseli yake. Mkubwa wake wa zamani, mzungu mmoja, aliporudi kwao alimwachia vitabu viwili vya Kifaransa: kimoja cha maana ya nyota, kingine kimejaa tarakimu tu, jua liko wapi siku hii, mwezi uko wapi siku ile. Biro ilipolala, kazi ikiisha, muzee akabaki na kompa yake ya kuchorea duara, na kile kipande cha nusu duara cha kupimia pembe, na mazoea ya kuchonga penseli kwa wembe asubuhi. Basi akaanza kupima watu. Ulimletea tarehe yako ya kuzaliwa, akachora duara, akaweka nyota zako mahali pake, akapima pembe kati ya moja na nyingine.

Watu walitaka kumuuliza vita za kwetu zitaisha lini. Alikataa.

"Hiyo ni mambo ya pembe kubwa," alisema. "Pembe kubwa hata kiziwi anaisikia. Mimi natafuta zile ndogo, ndogo kwa kelele, si kwa digrii. Ndizo mutu anaishi nazo ndani ya nyumba."

Alinieleza mara nyingi, na mpaka leo nikifumba macho naona kidole chake cheusi kwa penseli kikitembea juu ya duara. Digrii makumi tatu, alisema, ni jirani anayekupa kaa la moto juu ya ukuta: msaada mdogo, lakini bila huo hupiki. Makumi ine na tano ni bati linalovuja tone moja, mahali pale pale, mvua kwa mvua. Makumi saba na mbili ni akili ya mikono, kama ya fundi ambaye hakufundishwa na mtu. Na mia moja na makumi tano? Hapo alisimamisha kidole. Ni nyumba mbili zilizopeana mgongo juu ya kilima, moja inatazama ziwa, ingine inatazama mtaa wa Kadutu. Watu wa ndani wanasikiana wakigonga ukuta, lakini hawaonani milele.

Hiyo ya mwisho aliisema kwa sauti ya chini, kwa sababu ilikuwa yake na binti yake.

Mama Bintu, mke wake, alipofariki, binti yao Priscille alikuwa na miaka makumi mbili. Wakabaki wawili. Hawakugombana kwa jambo kubwa hata moja. Priscille akifungua dirisha, baba anafunga. Baba akiweka taa mezani, binti anaitundika. Muzee akachukua tarehe zao, akapima jua la siku aliyozaliwa mmoja na la siku aliyozaliwa mwingine, akakuta mia moja na makumi tano kamili, bila kubaki hata nusu.

"Haiko kosa yako, mutoto wangu," akamwambia, "wala yangu. Ni digrii."

"Papa, mimi si plani ya kiwanja!"

Priscille akaolewa na Hugues, mwalimu wa Kalehe, huko mbele kando ya ziwa. Kutoka huko akaandika barua: Papa, uje ukae kwetu, chumba kiko. Muzee akamjibu kwa karatasi yenye duara, vitone viwili, mstari, na tarakimu 150. Basi. Yeye aliona ni upole, ni kusema tusisumbuane. Binti aliona mlango umefungwa. Miaka sita ikapita, salamu zikipita kwa midomo ya wasafiri wa boti tu, nami nikiwa mmoja wao, maana nilichuuza maharagi ya Kalehe.

Leo nyumba ile ya muzee ni ya Priscille. Meza ya kuchorea bado iko karibu na dirisha, na dirisha halifungwi.

Vita ya pili ilituingilia mwezi wa nane, mwaka wa tisini na nane. Boti zikasimama. Kwenye barabara ya Kalehe kulikuwa na vizuizi, na habari zilizotoka huko hazikuwa za kusimulia. Wiki mbili baadaye ikafika sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, tarehe kumi na tano. Misa ilisomwa mapema, tukarudi mbio. Nilimpelekea muzee sombe yake. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Nikasema, nikimpakulia:

"Leo Priscille anatimiza miaka makumi mbili na munane. Mungu amulinde huko."

"Bado, Maman. Ni tarehe sita ya septemba."

"Papa Zagabe, ni mimi nilichemsha maji Bintu akijifungua! Kengele za sikukuu zilikuwa zinalia."

"Karte ya kanisa inasema sita."

"Karte inasema siku ya ubatizo."

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tano siku hiyo. Muzee alikuwa mbali, Shabunda, na wapimaji wa viwanja, akarudi mtoto ana miezi miwili. Kwenye ubatizo Bintu alikuwa bado na homa, bibi yake mtoto ndiye alimbeba. Bibi hakujua kuhesabu tarehe, basi katekista akaandika siku ile ile kwenye mistari yote miwili, kuzaliwa na kubatizwa. Wengi wetu tuna karte za namna hiyo. Mimi pia.

Muzee alitoa karte kwenye boksi la biskuti, akaiangalia. Tarehe moja, mara mbili. Yeye aliyepima viwanja vya watu mpaka kidole cha mwisho, hakuwahi kuuliza.

Akachukua penseli. Ncha ikavunjika, akachonga, ikavunjika tena. Tarehe yake mwenyewe haikuwa na shaka, alizaliwa misioni siku ya mishumaa, pili ya februari. Jua linatembea karibu digrii moja kwa siku, akasema, na kati ya sikukuu na ubatizo kuna siku makumi mbili na mbili.

"Pembe kubwa inavumilia kosa la digrii munane, hata tisa," akanong'ona. "Ndogo haivumilii. Ikikosea moja, mbili, imekufa."

Akapima. Mia moja na makumi saba na moja. Akapima tena.

"Maman, mimi na Priscille tunaangaliana. Hii ni ile kubwa ya mia moja na makumi munane, ya watu wawili pande mbili za meza. Wanabishana, ndiyo. Lakini kila mumoja anaona uso wa mwenzake." Akaweka penseli chini. "Miaka sita."

"Papa, hata bila digrii alikuwa anakuangalia. Mungu hapimii mutu mutoto kwa kompa."

"Ungesema zamani."

"Ungeuliza zamani."

Akacheka kidogo, halafu akafunika macho. Toka siku hiyo hakuchorea mtu mwingine. Kila asubuhi aliniuliza kama boti zimeanza, na kila asubuhi miguu ilikuwa imevimba zaidi.

Zilianza mwezi wa kumi. Nilipokwenda Kalehe, alisisitiza kunisindikiza bandarini, anashuka kilima kwa fimbo, anapumzika kila kona, watu wakimpita na mizigo. Nilifikiri amechora duara jipya nimpelekee binti. Nikanyoosha mkono.

"Hapana," akasema. "Karatasi nilishatuma. Umwambie kwa mudomo: alizaliwa siku ya Mama Maria, baba yake ndiye alikosea. Na kama njia iko, aje anifungulie dirisha."